Mpingo wa Mbinguni

Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga. Nimeukumbuka msemo huo kwa ajili ya nyota moja isiyoonekana kwa macho matupu, ambayo leo yaitwa Mpingo, na sayari yake yaitwa Tanzanite.

Mwaka 2012 Mpanda ilitengwa na Rukwa, ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Mwaka huo huo wanafalaki wa mradi wa SuperWASP waliitangaza sayari hiyo kwa namba kavu: WASP-71b. Hawakuiona yenyewe. Waliona nuru ya nyota ikififia kidogo, chini ya sehemu 1 katika 100, kila sayari ilipopita mbele yake. Kwa dalili hiyo, na kwa kuyumba kwa nyota yenyewe, walijua kwamba uzito wake wapita ule wa Mshtarii mara mbili, na kwamba joto lake lakisiwa kuzidi nyuzi 1,700. Tarehe 17 Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipotimiza miaka 100, majina yaliyochaguliwa Tanzania yalitangazwa.

Usiku wa Desemba, nyota hiyo hupita karibu na utosi wa Mpanda, ndani ya kundi liitwalo Nyangumi. Nchi ya miombo isiyo na bahari ina nyangumi juu yake!

Hapa naomba ruhusa ya kubuni. Mwaka wa huko haufiki siku 3. Mpagazi aliyetoka Bagamoyo akafika Ujiji kwa miezi mitatu, kwa hesabu ya huko angezeeka miaka 30 njiani. Jina lanipa rangi ya buluu ya kito cha Mererani, ingawa huko hakuna jiwe, ni hewa tupu iwakayo. Nawaza ukingo wake, mchana unapokutana na usiku, ukiwa na zambarau ya magharibi yetu baada ya mvua.

Lisilo la kubuni ni umri wa nuru yake. Imesafiri takriban miaka 1,200 hata kutufikia. Ilipoanza safari, watu wa Shanga, kisiwani Pate, walikwisha kuwa na msikiti wao. Nyota imepewa jina la Kiswahili, na nuru yake ina umri wa miji yetu.

Lakini mti uliotoa jina hilo haukui kwa haraka. Huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kukatwa, na shoka halingoji. Katika misitu mikavu kama ya Katavi ndimo uotamo. Humo ndimo hutoka zumari za Ulaya na vinyago vya Wamakonde. Kulipeleka jina mbinguni ni heshima, na heshima hiyo ina deni lake duniani. Tusije siku moja tukaulizwa na mjukuu mpingo ni upi, nasi tukakosa pa kumwonyesha ila juu.