Ohangla ya kinanda: Mdundo wa kale katika usiku wa Migori na Homa Bay

OHANGLA ni muziki wa kuchezwa wa jamii ya Waluo wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria. Jina lenyewe ni la ngoma zinazouongoza. Hata hivyo, katika kaunti za Migori na Homa Bay, Kusini mwa Nyanza, usiku wa ohangla siku hizi aghalabu hutawaliwa na kinanda cha umeme.

Kiasili, ohangla hupigwa na kundi. Huwapo ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge, orutu, yaani zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa uta, pamoja na filimbi na waitikiaji. Kundi lilialikwa harusini, kwenye karamu za pombe na matangani. Nyimbo nyingi zilihesabiwa kuwa za watu wazima kutokana na mizaha yake isiyositiriwa.

Kinanda hicho kina asili ya mbali. Mnamo 1964, Robert Moog wa Marekani alionyesha sintesaiza yake, mtambo unaounda sauti kwa nguvu za umeme. Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa kinanda cha DX7, na muziki wa pop wa miaka hiyo ukabadilika kote duniani. Baadaye vilikuja vinanda vyepesi na vya bei nafuu, vyenye midundo iliyohifadhiwa ndani.

Mpigaji wa ohangla huunda mdundo wa ngoma na kuuhifadhi kinandani. Usiku unapoingia, hubonyeza kitufe mdundo ukaanza, mkono mmoja ukashika besi na wa pili ukaiga orutu. Jenereta na vipaza sauti viwili vikubwa hutosha kuamsha kijiji kizima.

Ajabu ni kwamba mtambo huu mpya husifiwa kadiri unavyoukaribia mlio wa zamani. Wachezaji huinamisha mabega na kutikisa viuno kama walivyofanya wazee wao. Pakruok pia imebaki: mtu hutoa fedha, muziki husimamishwa, naye hujisifu na kuwasifu jamaa na marafiki zake kabla ya mdundo kurejea.

Muziki huu ulivuma nchini kote katika miaka ya 2000 kupitia wasanii kama Tony Nyadundo na Lady Maureen, aliyefariki dunia mwaka 2022. Waliowafuata, akiwemo Emma Jalamo na Prince Indah, wameuchanganya na rumba. Nchini Uganda, Otim Alpha alifanya jambo linalofanana na hilo kwa kuingiza nyimbo za harusi za Waacholi, jamaa wa Waluo kwa lugha, katika kompyuta.

Lakini faida hiyo ina gharama. Malipo yaliyogawanywa kati ya wapiga ngoma, mpiga orutu na waitikiaji sasa yanaweza kumwendea mtu mmoja au wawili. Mwenye hafla hupunguza gharama za nauli na chakula, ilhali fundi wa ngoma hukosa mteja na kijana hukosa sababu ya kujifunza orutu.

Suala la pili ni usalama. Mikesha ya matanga yenye muziki, maarufu kama disko matanga, imepigwa marufuku mara kwa mara na maafisa wa utawala katika eneo hilo, wakiihusisha na mimba za mapema na unajisi wa watoto. Aidha, kanuni za kitaifa za mwaka 2009 hudhibiti kelele za usiku. Kwa upande wao, familia nyingi hutegemea mikesha hiyo kuchangisha fedha za mazishi.

Kafyu iliyoanza Machi 27, 2020 kutokana na virusi vya corona, na kuondolewa Oktoba 20, 2021, ilidhihirisha jinsi riziki ya wanamuziki inavyotegemea usiku.

Kinanda kimeutunza mdundo wa ohangla, na kuufikisha kwa vijana ambao pengine wasingeusikia. Hata hivyo, hakiwezi kumfundisha mtu kuwamba ngoma wala kukaza uzi wa orutu. Maarifa hayo yangali mikononi mwa wazee, na yatadumu tu iwapo wataendelea kualikwa, na kulipwa, kando ya kinanda.