Wale wanaokaa ubavuni mwa kocha mkuu

Ndugu msikilizaji, jina la Hasheem Thabeet halihitaji utambulisho hapa mjini. Ni mtoto wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, shule ambayo si mbali na huku kwetu Mbweni: unashika barabara ya Bagamoyo, unapita Tegeta na Mbezi Beach, ukifika Lugalo umeshafika. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani, na mwaka 2009 akachaguliwa wa 2 miongoni mwa vijana wapya wa ligi ya kulipwa ya NBA, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry. Hayo yamezungumzwa sana, redioni na vijiweni, na kila mtu ana maoni yake juu ya yale yaliyofuata.

Leo tumwache Hasheem apumzike. Tuwatazame watu waliokaa benchi pamoja naye. Ukiangalia picha za mechi zile utamwona kocha mkuu Jim Calhoun amesimama, uso umemwiva. Pembeni yake wamekaa wanaume watatu au wanne waliovaa suti, karatasi mkononi. Hao ni makocha wasaidizi. Kwetu sisi, kocha msaidizi ni yule anayebeba mipira na kuita majina ya waliohudhuria mazoezi. Kule ni kazi yenye ngazi zake, mshahara wake na hatari zake, na ndiyo inayozaa makocha wakuu.

Mechi ya mwisho ya Hasheem akiwa chuoni ilichezwa Detroit, tarehe 4 Aprili 2009, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vikuu. Connecticut ilifungwa na Michigan State pointi 82 kwa 73. Aliyemfunga Hasheem siku ile ni Tom Izzo. Huyu alianza kwa kufundisha shule ya sekondari huko Ishpeming, akawa msaidizi katika chuo cha Northern Michigan, halafu mwaka 1983 akaingia Michigan State kama msaidizi chini ya mzee Jud Heathcote. Alikaa hapo miaka 12. Heathcote alipostaafu mwaka 1995 ndipo akapewa timu, na mwaka 2000 akachukua ubingwa. Nusu fainali ya pili jioni ile, Villanova ilikuwa chini ya Jay Wright, naye alikuwa msaidizi hapohapo Villanova kabla ya kupata timu yake ya kwanza, Hofstra, mwaka 1994. Na aliyelinyakua kombe siku mbili baadaye ni Roy Williams wa North Carolina.

Kwa Roy Williams naomba tukae kidogo.

Mwaka 1978 Williams alikuwa mwalimu na kocha wa shule ya sekondari ya Owen, milimani huko North Carolina. Ana mke, ana mtoto mdogo, ana mshahara wa uhakika. Kocha Dean Smith wa Chuo Kikuu cha North Carolina akamwita awe msaidizi wa muda kwa malipo ya dola 2,700 kwa mwaka. Kwa mwaka, ndugu msikilizaji, siyo kwa mwezi. Williams akakubali. Ili familia ile, akawa anauza kalenda za timu, na siku za Jumapili anaendesha gari mamia ya kilomita kupeleka kanda za kipindi cha Dean Smith kwenye vituo vya televisheni. Sisi tuliowahi kutumwa na kanda kutoka studio moja hadi nyingine tunaijua kazi hiyo. Hakuna anayekushukuru, lakini ukichelewa jina lako linajulikana nchi nzima.

Alifanya usaidizi miaka 10. Katika miaka hiyo alikuwa mmoja wa waliomshawishi kijana mmoja wa Wilmington aitwaye Michael Jordan, aliyeingia chuoni hapo mwaka 1981. Mwaka 1988 chuo cha Kansas, kilichokuwa kimetoka kutwaa ubingwa na kuachwa na kocha wake, kilitafuta mtu. Dean Smith akamtaja msaidizi wake, mtu ambaye hajawahi kuongoza timu ya chuo hata siku moja. Kansas wakampa. Hivyo ndivyo ngazi ile inavyopandwa: uvumilivu, halafu neno la mkubwa wako kwenye simu.

Si kila mtu hupanda. Pale pale North Carolina alikuwapo Bill Guthridge, msaidizi wa Dean Smith tangu mwaka 1967. Alikaa kiti kile miaka 30. Alipokabidhiwa timu mwaka 1997 alikuwa na umri wa miaka 60. Akafundisha misimu 3, akaifikisha nusu fainali mara 2, akastaafu.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwaka 1991 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilipitisha kanuni ya kubana matumizi. Kuanzia Agosti 1992 kila timu kubwa ya kikapu ingekuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili, na mmoja zaidi ambaye kipato chake kingewekewa kikomo: dola 12,000 kwa mwaka wa masomo na dola 4,000 kwa majira ya joto. Jumla 16,000, basi. Kocha mkuu hakuwekewa kikomo chochote. Ukinibana mimi nitasema hapo ndipo palipokosewa: ukitaka kubana matumizi huanzi na mnyonge kuliko wote.

Makocha hao walikwenda mahakamani, shauri likibeba jina la mmoja wao, Norman Law. Mwaka 1995 jaji wa Kansas aliamua kwamba vyuo kukubaliana kushusha mshahara wa mtu ni kuvunja sheria ya ushindani wa biashara. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ikaunga mkono, na fidia iliyotamkwa, baada ya kuzidishwa mara 3 kama sheria ile inavyotaka, ikafikia dola milioni 67 hivi. Mwaka 1999 pande zote zilipatana kwa dola milioni 54.5, kwa makocha wa kikapu na wa michezo mingine.

Wanalipwa wafanye nini? Usiku, msaidizi anatazama mechi za timu itakayokuja, anaandika kila mchezaji anapenda kwenda mkono upi. Asubuhi anawafundisha warefu peke yao au wafupi peke yao. Mchana anauliza kama yule wa mwaka wa kwanza ameingia darasani. Na mwaka mzima anasaka vijana: simu, barua, safari za shule hadi shule, kukaa sebuleni na mama wa mtoto. Kosa likitokea katika usakaji huo, macho ya kwanza yanamwangukia yeye.

Tuwarudie wale wa Hasheem. Katika mwaka wake wa kwanza chuoni, miongoni mwa wasaidizi wa Calhoun walikuwapo Tom Moore na Patrick Sellers. Mwezi Mei 2010, wakati NCAA ikichunguza namna Connecticut ilivyomsaka kijana mmoja ambaye hakuja hata kuichezea, Sellers alijiuzulu. Alidaiwa kutowaeleza wachunguzi ukweli. Akaondoka nchini, akaenda kufundisha China. Februari 2011 kamati ya NCAA ilitoa hukumu: tuhuma dhidi ya Sellers hazikuthibitika. Calhoun naye alifungiwa mechi 3 za msimu uliofuata kwa kutoisimamia vyema programu yake. Aprili mwaka huohuo Calhoun alitwaa ubingwa wake wa 3. Sellers, aliyeonekana hana hatia, hakuwapo benchi. Alianza upya, chuo hiki mwaka huu, chuo kile mwaka ule, mpaka mwaka 2021 alipopewa ukocha mkuu wa Central Connecticut, chuo alichosoma mwenyewe.

Huku kwetu tuna klabu zenye historia, Pazi, Vijana, Savio, JKT. Tuna UMISSETA. Tuna rais mstaafu, Jakaya Kikwete, aliyewahi kuongoza shirikisho la kikapu. Lakini katika miaka yangu yote ya kusoma matangazo ya kazi magazetini sijaona chuo cha Tanzania kikitangaza nafasi ya kocha msaidizi wa kikapu. Kijana mrefu tumempata na akaenda. Mwalimu kijana wa kukaa benchi la Wamarekani miaka mitano, mwenye daftari, arudi nalo, huyo hatujasikia akitafutwa na yeyote. Wenzetu wa Sudan Kusini walifanya jingine. Walimchukua Royal Ivey, msaidizi katika timu za NBA, awafundishe timu ya taifa wakati ligi yake imesimama. Wakacheza Kombe la Dunia mwaka 2023, na Julai 2024 wakaifunga Puerto Rico katika Olimpiki ya Paris.

Na Tom Moore? Mwaka 2007, baada ya miaka 13 ya usaidizi, alipewa chuo cha Quinnipiac kuwa kocha mkuu. Alidumu miaka 10. Mwaka 2017 akaachishwa. Akaenda Rhode Island kama msaidizi wa Dan Hurley, na Hurley alipochukuliwa na Connecticut mwaka 2018 alikwenda naye. Connecticut ilipotwaa ubingwa Aprili 2023, na tena Aprili 2024, Moore alikuwa amekaa kwenye kiti cha msaidizi katika chuo kilekile, kama mwaka 1999, kama mwaka 2004.