Bunagana: Mlango wa Watalii, Njia ya Wakimbizi

Mara ya kwanza kuuangalia mlima Sabinyo, sikuwa mtalii. Ilikuwa Julai 2012. Nilikuwa mtoto wa shule, godoro kichwani, tunatoka Jomba kuvuka bariere ya Bunagana kwenda Kisoro. Mama aliniambia: «Tembea tu, usigeuke.» Mimi niligeuka. Njo niliona vile vilele vimepangana kama meno ya mzee, na jina lenyewe njo linamaanisha hivyo.

Tangu siku ile nilitaka kujua historia ya pale. Mwaka 1910, Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walikutana Brussels wakakata mpaka juu ya milima yetu ya volkano. Leo Kongo, Rwanda na Uganda zinakutana juu ya Sabinyo. Bunagana nayo ni mbili: moja ya Kongo, moja ya Uganda, jina lile lile. Gorila peke yao wanapita msituni bila kuulizwa karatasi.

Mwaka 1921, Mmarekani Carl Akeley alikuja Mikeno kuua gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Kisha moyo ulimgeuka, akaanza kuomba walindwe. Mwaka 1925, Mfalme Albert I wa Ubelgiji aliunda Parc Albert, hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika, ile tunaita leo Virunga. Akeley alikufa mwaka uliofuata, akazikwa kule kule Mikeno. Wakulima wa pembeni, wao, walijikuta wamekatazwa kuwinda na kukata miti mahali babu zao walizoea kupita.

Baadaye Bunagana ikawa mlango mzuri wa wageni. Mtalii anatoka Kampala, anapita Kisoro, anavuka, anapanda Jomba kuona gorila. Akitokea Goma, anafanya karibu kilomita 70 mpaka Rutshuru, halafu anakata mkono wa kuume. Ni barabara ile ile ya biashara, na ni ile ile ya vita. M23 walichukua Bunagana Julai 2012, jeshi la serikali likairudisha tarehe 30 Oktoba 2013, M23 wakaichukua tena tarehe 13 Juni 2022.

Siku moja, hapa Goma, niliuliza wenzangu kumi na wawili wa promosyo: nani amekwisha kuona gorila? Hakuna mkono. Nani amekwisha kupita Bunagana akikimbia? Mikono mitano.

Hesabu ile inaniumiza mpaka leo. Wageni wanajua milima yetu kwa uzuri wake, sisi tunaijua kwa mbio. Njia ikifunguka siku moja, twende tuitazame polepole. Kwa sasa, tuwaulize wazee majina ya vilima vyao, kwa nini viliitwa hivyo, na tuandike mbele hawajaondoka.

Mama angali ananiuliza kwa nini niligeuka siku ile. Namwambia: nilitaka kujua tunaacha nini.