Tagi, Tishari na Kamba: Historia Iliyosahaulika ya Ziwa Letu

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mlioko madarasani sasa,

Katika miaka ya tisini, tulipokuwa kidato cha pili, mchezo wetu wa Jumamosi ufukweni ulikuwa kukokotana. Tulichonga vyombo kutokana na kandambili kuukuu, tukavitia propela ya bati iliyozungushwa kwa mpira wa tyubu. Hatukushindania mwendo. Mshindi alikuwa yule ambaye chombo chake kilivuta gogo lenye kokoto nyingi zaidi.

Mwanzoni tulifunga kamba nyuma kabisa, chombo kikakataa kugeuka. Tukausogeza msumari karibu na katikati, kikageuka vizuri. Lakini mara kamba ilipovuta kutoka ubavuni, kilipinduka. Hatukujua kwamba mabaharia wa tagi, yaani meli ndogo za kukokota, huifuata kanuni hiyo hiyo na kuihofia hatari hiyo hiyo.

Katika mchezo ule nilikuwa na siri. Wenzangu walijisifia ndugu zao waliofanya kazi katika MV Victoria. Baba yangu alikuwa baharia wa tishari, chombo kisicho na injini, kinachongoja kuvutwa. Nilipoulizwa, nilijibu tu kwamba yuko bandarini.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza katika ziwa letu. Wajerumani waliokuwa Mwanza walikuwa na tagi iliyoitwa Muansa, wakaifunga mzinga. Mwezi Septemba 1914, huko Karungu, upande wa Kenya, iliifanya Winifred, meli ya Waingereza iliyo kubwa kuliko yenyewe, irudi nyuma. Winifred iliporejea ikifuatana na Kavirondo, ambayo nayo ilikuwa ya kukokota, ndipo Muansa ikaondoka. Mdharau mwiba, mguu huota tende! Waingereza walipoiteka Mwanza mwezi Julai 1916, Wajerumani waliizamisha tagi yao wenyewe. Baadaye Waingereza wakaiopoa. Chombo cha namna hiyo hakikuwa cha kuachwa chini ya maji.

Wakati wa amani kazi ilikuwa kubwa zaidi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928, lakini reli haikufika katika kila ghuba palipolimwa pamba. Hapo ndipo matishari yalipohitajika. Tishari liliweza kuachwa gatini likipakiwa marobota taratibu, huku tagi ikienda kukokota jingine. Injini moja ikatumikia matishari mengi. Naam, pamba iliyosomesha wengi wetu ilisafiri kwa kamba.

Hata hivyo, tukitaja meli za Ziwa Viktoria, tunazikumbuka zile za abiria tu. Baba alifariki kabla sijamwomba anieleze jinsi walivyofunga kamba wakati wa dhoruba, au walivyolala juu ya marobota. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwuliza, nami sikuuliza.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Ndugu ambaye mzazi au babu yake alifanya kazi katika tagi au tishari, amketishe, amwulize, aandike, na aje na karatasi hizo katika mkutano wetu ujao. Nanyi vijana, chongeni vyombo vyenu, na msumari wa kamba uwe karibu na katikati.