Kukarabati, Kurejesha na Kukwatua: Maneno Matatu ya Gari la Kale

Mfasiri anayeletewa maandishi juu ya magari ya kale aghalabu huwa na neno moja tu mkononi, nalo ni ukarabati. Daraja hukarabatiwa, bweni la shule hukarabatiwa, na gari lililolala bandani miaka ishirini, likafunguliwa mpaka skrubu ya mwisho, nalo huambiwa limekarabatiwa. Tunaona kwamba neno hilo limetwishwa mzigo usio wake, na kwamba historia ya kazi yenyewe inatudai maneno zaidi.

Lugha yetu haikuyapokea magari mikono mitupu. Gari lenyewe ni neno la Kihindi, nalo lilikwisha kuwapo tangu enzi za mikokoteni; karakana ni ya Kiajemi. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa dereva. Breki, klachi, gia, kabureta na plagi vilikuja baadaye pamoja na injini, vikavaa vokali za mwisho na kukaa. Mafundi wakaongeza misemo yao wenyewe: kushusha injini, kunyoosha bodi, kupuliza rangi. Na gari lililochoka kupita kiasi wakaliita mkweche, neno ambalo hatujaona lugha nyingine ikilishinda kwa mlio.

Lakini misemo hiyo yote ilizaliwa katika haja ya kuliwezesha gari litembee. Katika Tanzania ya miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, vipuri vilichongwa, vikaazimwa na kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Hakuna aliyeuliza kama plagi ile ni ya asili. Swali la asili huja pale gari linapoacha kuwa chombo cha kazi tu, likawa kumbukumbu.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Tarehe 15 Aprili 1964, mwalimu mmoja kijana wa Chicago alinunua Ford Mustang ya rangi ya samawati, yenye paa la kukunja, siku mbili kabla ya gari la aina hiyo kutangazwa rasmi katika maonyesho ya dunia ya New York. Aliliendesha kwa miaka kadhaa, akalea watoto nalo, kisha likaharibika na kuwekwa bandani tangu mwaka 1979. Mumewe aliahidi kulitengeneza juma lijalo, na juma hilo likawa miaka ishirini na saba. Alipostaafu ndipo alipolishughulikia, nalo likarudi barabarani. Je, tuseme alilikarabati? Aliyebadilisha pedi za breki juzi naye amekarabati. Huyu alikusudia jambo jingine: gari liwe kama siku lilipotoka dukani. Tendo hilo sisi tunaliita kurejesha.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, na hapa ndipo penye ugomvi wa kweli. Gari la kiwandani la miaka ya 1960 halikuwa kamilifu. Rangi ilipulizwa kwa haraka, ikakauka na vijishimo vidogo kama ganda la chungwa. Milango haikulingana sawasawa na bodi. Chini ya gari rangi ilitapakaa ovyo. Fundi wa leo, mwenye muda na rangi za kisasa zenye tabaka la juu lisilo na rangi, huweza kulifanya bodi liwe kama kioo. Mwenye gari hufurahi, maana gari lake la kwanza analipenda kuliko lilivyostahili. Hata hivyo, analopewa silo alilonunua. Kwa tendo hilo tunapendekeza kukwatua, neno la zamani lenye maana ya kusugua na kupamba hadi kitu king'are. Halitukani, linasema tu kwamba kilichotafutwa ni urembo.

Tofauti hizi hazikubuniwa na sisi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, liliukubali mwaka 2012 Mkataba wa Torino, ulioigwa kutoka Mkataba wa Venisi wa 1964 juu ya majengo na maeneo ya kale. Mkataba huo unatenga kuhifadhi na kurejesha, na unataka kila badiliko liandikwe. Mfasiri atakayeandika ukarabati katika kila kifungu atakuwa ameufuta mkataba mzima kwa neno moja.

Wala si jambo la matajiri wa ng'ambo peke yao. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yana Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Mtumishi atakayeandika hati ya zabuni kwa gari kama hilo akitaja ukarabati tu, mzabuni ana haki ya kulitia viti vipya na rangi ya kung'aa, kisha akadai malipo yake yote. Kiti alichokalia Mwalimu kitakuwa jalalani, na hati itakuwa upande wa mzabuni.

Wengine wamependekeza kuasilisha badala ya kurejesha. Hatuliafiki, kwa kuwa kuasili kumekwisha shikwa na sheria ya watoto. Kufufua ni neno zuri kwa injini iliyokufa. Kwa gari zima linaacha swali la asili bila jibu.

Limebaki jambo moja gumu: ule mng'ao uliofifia wa ngozi ya kiti na rangi iliyopauka kwa jua, ambao wahifadhi huuthamini kuliko upya. Uchakavu haufai, kwani wahasibu huutumia kwa mali inayoshuka thamani, na hapa thamani inapanda. Kwa sasa tunaandika alama za umri, ingawa ni maneno mawili palipotosha moja.