Kupima Mkondo wa Umeme: Funzo kwa Watunga Istilahi

Mara nyingi tunakuta maneno "nguvu ya umeme" yakitumiwa katika tafsiri kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali: volti, ampea na wati. Kosa hili si dogo. Unene wa waya huchaguliwa kwa kufuata ampea zitakazopita ndani yake. Akosaye hapo aweza kuteketeza nyumba. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba upimaji wa mkondo wenyewe ulianza pale wataalamu walipotenganisha maneno.

Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Copenhagen aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliopitisha umeme. Mwaka huo huo André-Marie Ampère, huko Paris, alipambanua dhana mbili zilizokuwa zikichanganywa: msukumo wa umeme, na mkondo wake. Alieleza kwamba kinachoigeuza sindano ni mkondo, akapendekeza chombo cha kuupimia kiitwe galvanomita. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1881 ulikipa kipimo cha mkondo jina la ampea, kwa kumkumbuka yeye.

Kiswahili hakikupata taabu hapa. Neno mkondo lilikuwapo tangu zamani kwa maji yaendayo mtoni na baharini, nalo lafaa: ampea hueleza wingi wa umeme upitao kila sekunde, na volti hufanana na mteremko unaoyaendesha maji.

Kisa cha pili chatuhusu zaidi sisi wasomaji wa matini. Edwin Hall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alikuta katika kitabu cha James Clerk Maxwell cha mwaka 1873 kauli isemayo kwamba kani ya sumaku huusukuma waya, wala si mkondo uliomo ndani yake. Kauli hiyo haikumridhisha. Mwaka 1879 alipitisha umeme katika jani jembamba la dhahabu lililobandikwa juu ya kioo, akaliweka kati ya ncha za sumaku. Akagundua volti ndogo kutoka ubavu mmoja wa jani hadi wa pili: sumaku ilikuwa imeusukuma mkondo wenyewe.

Ugunduzi huo ndio unaotumika leo katika moduli nyingi za vihisi zilizomo katika vyombo vya kufuatilia matumizi ya umeme. Mkondo huzaa usumaku kandokando ya waya. Usumaku huzaa volti katika kihisi. Chombo nacho huigeuza volti hiyo kuwa ampea. Moduli za aina nyingine hupitisha mkondo katika kinzani kidogo sana. Ampea 10 zikipita katika omu 0.001, hutokea volti 0.01.

Hapo ndipo penye mtego kwa mfasiri. Kitokacho katika moduli ni volti, lakini kinachopimwa ni mkondo. Tena chombo hakiishii hapo: huzidisha volti za njia ya umeme kwa ampea kikapata wati, kisha hujumlisha wati hizo kwa muda wote kikapata kilowati-saa. Mita ya nyumbani hutoza hizo kilowati-saa, haitozi ampea. Mfasiri aandikaye "nguvu" kila mahali humnyima fundi njia ya kujua ni tarakimu ipi ya waya, ipi ya mashine na ipi ya malipo.

Kwa hiyo twapendekeza mkondo litumike kwa ampea peke yake. Msukumo kwa volti. Nguvu kwa wati. Na nishati kwa kilowati-saa. Kani na libaki kwa misukumo ya vitu, kama ile ya sumaku. Maneno haya yote tunayo tayari. Lililobaki ni walimu, wafasiri na maofisa wetu kuyatumia kila moja mahali pake, katika vitabu vya shule na pia katika maelezo yabandikwayo juu ya vyombo.