Mke na Mume Mbele ya Tabibu
Katika miaka yangu ya ualimu niliona wake wakirudishwa kwao kwa kukosa mtoto, ilhali waume zao hawakupimwa kamwe. Kumbe huko China, katika karne ya 7, tabibu Sun Simiao alikwisha kuandika kwamba watu wakikosa mtoto, maradhi huwa ya mke na mume. Akataja dawa za mitishamba za kila mmoja.

Si tiba zote za Kichina zifaazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa wanawake 1,000 wa China ambao mayai yao ya uzazi hayakupevuka ipasavyo, ulionyesha kwamba sindano za jadi hazikuongeza uzazi. Vidonge vya klomifeni viliongeza.

Hata hivyo, neno lile la kale lingali kweli. Ndugu msomaji, mke aendapo kupimwa, mume naye afuatane naye, apimwe.